Maswali ya Karakana: Bagi ya mbio ya rimoti ya kujiundia

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wasomaji waliochoshwa na bagi za dukani, yaani vigari vya mbio vya kuendeshwa kwa rimoti. Wanataka kuunda ya kwao: ya umeme, kipimo cha moja kwa kumi, ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma, ya kukimbia kwenye vumbi. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

Wahariri, salaam. Nina karatasi ya aluminiamu ya milimita 2, ile ya kutengenezea sufuria, na jirani yangu ni fundi wa leith. Naweza kuunda bagi yote mwenyewe? Nianzie wapi? (Mwanza)

Yote, hapana, wala hakuna haja. Vinavyozunguka na vinavyoteleza nunua: difu, gia, beringi, ekseli, shokapu. Vinavyovishika unda: chesisi, minara ya shokapu, mikono inayoshikilia magurudumu, vishikio vya betri na sevo (mota ndogo inayogeuza usukani). Kasha la difu likichongwa likakosea hata sehemu ya kumi ya milimita, gia zitalana. Chesisi iliyokatwa kwa msumeno na kulainishwa kwa tupa haina ubaya wowote, mradi matundu yako mahali pake.

Usianze na chesisi, ingawa ndiyo inayotamanisha mkono. Chukua karatasi kubwa uchore kwa kipimo halisi, ukianza na matairi. Upana wa nje usizidi milimita 250, ndiyo sheria ya IFMAR, shirikisho la dunia la mchezo huu. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma weka milimita 280. Kisha chora habu, kisha pini za mikono, kisha sanduku la gia. Chesisi inakuja mwisho, kazi yake ni kuunganisha vyote hivyo. Bagi ikisimama na betri ndani, shafti za nyuma ziwe karibu usawa na ardhi na tumbo liwe juu milimita 20 hadi 22.

Pini za mikono ya mbele zipande kuelekea puani kwa nyuzi 25, ili gurudumu likipiga tuta lirudi nyuma na juu badala ya kulisimamisha gari. Pembe hiyo itoe kwa kabari chini ya kishikio cha mbele. Aluminiamu ngumu ya 7075-T6 ukiikunja baridi hupasuka palepale kwenye mkunjo.

Kuna kosa ambalo halionekani mpaka gari liguse tuta la kwanza: tairodi iliyofungwa popote penye nafasi. Kwenye mchoro, pitisha mstari kutoka pini ya ndani ya mkono wa chini hadi boljointi ya ndani ya fito ya juu, ile inayoshika habu kwa juu. Ncha ya ndani ya tairodi iangukie palepale kwenye mstari huo. Fanya hivyohivyo upande wa nje. Ukikosea, mkono ukipanda na kushuka usukani unajikata wenyewe, nawe utailaumu sevo bure.

Sasa karatasi yako. Aluminiamu ya sufuria ni laini. Ikikatwa bapa, ruko la kwanza litaiacha na tumbo kama ngalawa. Ama utafute 7075 ya milimita 2.5, ama utumie hiyohiyo lakini ukunje kingo zake juu kwa milimita 20 kila upande. Bati la kingo zilizosimama ni gumu kupinda kuliko bati bapa, hata madini yakiwa yaleyale. RC10 ya kampuni ya Associated, bagi ya mwaka 1984 iliyobadilisha mchezo huu, ilikuwa na chesisi ya aluminiamu yenye kingo zilizosimama hivyo. Skrubu za chini ziwe M3 za kichwa bapa, tundu la milimita 3.2, na kichwa kizame kabisa. Kikichomoza hata kidogo, mawe yatakisaga mpaka funguo isishike tena.

Usihangaike kupunguza uzito. IFMAR ina kiwango cha chini cha uzito kwa bagi inayosukumwa na magurudumu mawili, na bagi ya kujiundia mara nyingi huzidi hapo yenyewe. Hangaika na mahali uzito ulipo. Kwenye vumbi jepesi mota ikae nyuma ya ekseli ya nyuma, matairi yapate kukandamizwa. Mota ya kati inapendeza kwenye zulia na udongo uliobana, lakini kwenye murram kavu itakuzungusha. Betri ipe reli ya kusogea. Usitarajie miujiza, hesabu yenyewe ni hii: betri ya gramu 210 ukiisogeza milimita 30 kwenye gari la milimita 280, umehamisha 210 × 30 ÷ 280, yaani gramu 22 au 23 tu.

Mikono ya mbele nimeichapisha kwa printa ya 3D, plastiki ya PLA, ujazo asilimia 100. Inakatika kwenye pini kama biskuti. Nibadilishe plastiki? (Nairobi)

Ubadilishe, ndiyo, lakini plastiki ni kosa la pili. La kwanza ni namna ulivyoilaza. Mkatiko wa biskuti, ulionyooka na laini, unaonyesha kwamba tabaka zimeachana, maana yake mkono ulichapishwa ukiwa umesimama. Ulaze bapa kwenye kitanda cha printa, tabaka zifuate urefu wake.

Ujazo wa asilimia 100 ni upotevu wa uzi. Nguvu iko kwenye kuta: weka kuta tano na ujazo wa 40. Kuzunguka pini ya milimita 3 acha nyama isiyopungua milimita 3 kila upande, na kona zote za ndani zizungushe, maana kona kali ndiyo mlango wa ufa. Tundu la pini lichapishe milimita 2.8, kisha ulipanue kwa biti ya 3.0 ukiizungusha kwa mkono. Dreli ya umeme inayeyusha plastiki na tundu linatoka yai. Matundu ya skrubu za M3 zinazojikatia nyuzi yawe 2.5.

Kuhusu plastiki: PLA huanza kulegea karibu na nyuzi 60 za joto, na ndani ya gari lililoegeshwa juani joto hilo si ajabu. PETG, plastiki nyingine ya printa, inastahimili zaidi, na inatosha kwa vishikio vya sevo na betri. Kwa mikono tunapendekeza nailoni, kwa sababu mkono mzuri hupinda ukarudi. Nailoni hunywa unyevu, hasa kwa wenzetu wa Mombasa na Tanga; ikaushe nyuzi 70 hadi 80 kwa saa sita au zaidi kabla ya kuchapisha, la sivyo itatoka na mapovu. Ikishachapishwa unyevu haudhuru, unaifanya iwe ngumu kuvunjika.

Hata hivyo usitafute mkono usiovunjika. Kwenye ajali lazima kitu kiachie, na ni heri uwe mkono unaochapishwa jioni moja kuliko kishikio cha mbele na chesisi. Ukishaufunga, toa shokapu uinue mkono kisha uuachie: uanguke kwa uzito wake wenyewe. Ukikwama, pini imepinda au matundu hayakunyooka, na hakuna springi itakayokuokoa.

Nimetia mafuta ya foku ya pikipiki, 10W, kwenye shokapu. Bagi inaruka-ruka kama mpira, na baada ya wiki mbili mafuta yanavuja. Mafuta mazito zaidi yatatibu? (Morogoro)

Hapana, ndugu yetu, kwa sababu namba zile haziongei lugha moja. Mafuta ya foku ya 10W yana unato wa takriban cSt (sentistoki, kipimo cha unato) 30 yakiwa kwenye nyuzi 40. Mafuta ya silikoni ya shokapu za rimoti yaliyoandikwa 30 ni takriban cSt 350. Ya 35 ni 425. Ya 40 ni 500. Kwa hiyo ulichotia ni chepesi mara kumi na zaidi, na hata 15W isingekufikisha popote. Kuvuja nako kuna sababu yake: mafuta ya madini huvimbisha oringi za silikoni, zikavimba, zikalegea, zikaachia. Ya injini yanafanya vivyo hivyo. Toa oringi zote utupe, osha mitungi kwa maji ya sabuni, ikauke, uweke mpya.

Oringi mpya nyingi huharibiwa siku ileile ya kufungwa, kwa nyuzi za ncha ya fimbo. Zungushia nyuzi hizo ukanda mwembamba wa selotepu, paka mafuta, kisha pitisha polepole.

Kujaza: vuta fimbo chini kabisa, jaza silikoni mpaka karibu na mdomo, sukuma pistoni juu na chini taratibu mpaka mapovu yaache kutoka, halafu simamisha shokapu na uiache dakika 10. Haraka ndiyo inayobakiza hewa ndani. Ongeza mafuta mpaka yatune mdomoni, sukuma fimbo juu kama robo tatu, weka kifuniko, mafuta ya ziada yatoke, kaza. Linganisha shokapu mbili za ekseli moja ukizisukuma pamoja, kitako kwa kitako: zirudi kwa mwendo mmoja. Moja ikirudi upesi kuliko nyingine, ifungue tena. Gari lenye shokapu zisizolingana hukata kona ya kulia vizuri na ya kushoto vibaya, na mwenyewe hutafuta kosa kwenye usukani.

Anza na 35 mbele na 30 nyuma. Joto hulainisha silikoni, ingawa kidogo kuliko mafuta ya madini. Mbio za saa nane mchana panda hatua moja.

Mota yangu ya mizunguko 17.5 ya waya inafika nyuzi 95 baada ya dakika nne. Gia ndogo ina meno 32, kubwa 72, uwiano wa sanduku la gia ni 2.6. Nilitaka spidi. (Arusha)

Gawanya 72 kwa 32, zidisha kwa 2.6: umepata 5.85, yaani mizunguko ya mota kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Kwa uwanja mfupi wenye kona nyingi ni gia ndefu mno. Mota haifiki kamwe mizunguko yake mizuri, inabaki ikinyonya umeme mwingi na kuugeuza joto. Weka meno 26, upate 7.2, na gari litatoka konani upesi kuliko sasa. Kisha panda jino mojamoja ukipima joto kila mara. Likizidi nyuzi 70 rudi nyuma, kwani sumaku iliyopashwa mno hupoteza nguvu moja kwa moja.

Ukibadili gia, weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya meno, sukuma mota, kaza, toa karatasi. Angalia pia aina ya meno: gia ya pitchi 48 (ukubwa wa jino, si idadi ya meno) na ya moduli 0.6 zinafanana machoni lakini hazioani. Zitalia, kisha zitanyoana.

Nyuma inateleza kila ninapogusa moto (kuongeza kasi), hasa kwenye changarawe laini. Nikaze springi? (Dodoma)

Legeza, usikaze. Lakini kabla ya yote tazama kashata za tairi. Tairi kipara halina tiba ya springi. Kwenye vumbi linalosogea unataka vidole virefu vilivyoachana, mpira laini, na sponji ndani isiyo ngumu. Futa ukingo wa tairi kwa spiriti kabla ya kubandika kwa supagluu, la sivyo litavuka rimu kwenye kona. Toboa rimu matundu mawili ya milimita 3 ili hewa ipumue.

Baada ya tairi, fuata utaratibu huu na ubadili kimoja kwa kila jaribio: magurudumu ya nyuma yaelekee ndani kwa nyuzi 3 kila moja, springi ya nyuma laini zaidi, fito ya juu ya nyuma irefushwe, betri irudi nyuma. Kisha klachi ya kuteleza: ukitoka umesimama, isikike ikiteleza kwa sentimita 30 hadi 60. Ikikazwa kabisa, nguvu zote zinafika kwa kishindo na tairi linachimba shimo.

Ikiruka inatua kwa pua. (Kisumu)

Unaachia moto kabla ya kilele, au unagusa breki hewani. Magurudumu ya nyuma yakiongezwa kasi hewani pua hupanda. Yakifungwa breki pua hushuka. Ondoka kwenye tuta ukishikilia moto, na urekebishe angani kwa kidole.

Betri ya LiPo (lithiamu-polima) ya seli mbili imevimba. Bado inachaji. Niitumie mpaka ife? (Zanzibar)

Acha leo. Usiitoboe kutoa hewa wala usiikandamize irudi kwenye kishikio chake. Itoe chaji polepole kwa balbu ndogo ya gari ikiwa nje, juu ya mchanga, mbali na chochote kinachowaka, kisha uipeleke wanakopokea taka za umeme.

Betri utakayotumia badala yake ichaji ukiwa karibu, kwa mkondo unaolingana na ujazo wake: betri ya mAh 4000 kwa ampea 4, ikomee volti 8.40. Kidhibiti mwendo kiwekee mpaka wa volti 3.3 kwa seli. Isipokimbia wiki nzima, iweke kwenye volti 7.6, maana kuiacha imejaa kwenye joto la pwani ni njia mojawapo ya kuivimbisha. Na kwenye chesisi ya kujiundia pitisha kidole kwenye kingo zote zinazogusa betri: palipo pakali piga msasa, kisha bandika ukanda wa mpira.