Uliza Ujibiwe: Mzee anataka kuona majumba ya wafalme Jaipur, tukodi gari?

SWALI: Habari za kazi hapo. Nipo Delhi tangu mwezi uliopita, nimemleta baba kutibiwa, namshukuru Mungu oparesheni imeenda vizuri na daktari amesema anaweza kufanya safari fupi mradi asichoke, kliniki yetu nyingine ni baada ya siku tisa. Sasa mzee alikuwa mwalimu wa historia miaka thelathini na kitu, amechoka kukaa chumbani kuangalia feni, kila siku ananiambia yaani tumefika India halafu turudi Tabora bila kuona hata jumba moja la mfalme? Jirani yetu hapa tulipopanga ametuambia twende Jaipur, kwamba majumba na bustani zipo mpaka utachoka mwenyewe. Gari la kukodi na dereva ni salama? Hela wanahesabu vipi? Na magoti ya mzee hayapendi ngazi, ataona kitu kweli au tutaenda kumtesa? (Binti wa Mwalimu, Delhi)

JIBU: Pole kwa kuuguza dada, na mpe mzee shikamoo yetu. Nendeni, na nendeni kwa gari, ila ujue mapema kwamba gari litawafaa nje ya ukuta wa mji wa zamani, mkishaingia ndani ya ukuta linageuka mzigo, na hapo ndo watu wengi wanaharibu siku yao.

Nianze na hela maana ndo inayoumiza. Gari la kutoka mji mmoja kwenda mwingine kule wanalihesabu kwa kilomita, tena kuna kiwango cha chini, mara nyingi kilomita 250 kwa kila siku, yaani hata kama gari limeshinda paking na dereva amelala ndani miguu nje dirishani, wewe unalipia 250. Delhi mpaka Jaipur ni kama kilomita 270, kwa hiyo siku ya kwenda na ya kurudi hamna hasara, hasara ipo zile siku za katikati mnazozunguka mjini kilomita thelathini tu. Mimi ningechukua gari la kwenda tu, wanayo hayo, likishawashusha hotelini mnaachana nalo, halafu kule kule Jaipur mnachukua gari la siku, na hilo kawaida yake ni masaa nane na kilomita themanini, ukizidisha unaongeza. Kabla hujakubali uliza kama tozo za barabara, paking, kodi ya kuingia jimbo lingine na posho ya dereva ya kulala vimo ndani ya bei au viko nje, na uliza kilomita zinaanza kuhesabiwa wapi maana wapo wanaohesabu tangu gari linatoka gereji kwao mpaka lirudi. Yote hayo yaandikwe kwenye meseji, siyo kwa mdomo. Angalia na namba ya gari, la biashara linakuwa na kibao cha njano maandishi meusi, kibao cheupe ni gari la mtu binafsi haliruhusiwi kubeba abiria wa kulipa, likisimamishwa na polisi njiani mnaokaa juani ni nyie na mgonjwa.

Na kama mnaenda Desemba au Januari msiondoke Delhi alfajiri, ukungu wa kule siyo wa Lushoto, kuna asubuhi huoni taa za gari la mbele, subirini jua lipande. Pasipoti zenu wote wawili zenye viza ziwe mkononi, hoteli zinatakiwa kuandikisha kila mgeni wa nje na kupeleka taarifa, na vijihoteli vingine vidogo havipokei kabisa wageni wa nje kwa hiyo ulizeni kabla hamjalipa.

Sasa dereva. Lugha isikutishe, gari wanaita gari, pesa ni paisa, laki ni lakh, maneno tuliyachukua kwao zamani kwa hiyo nusu ya maongezi mtaelewana. Ila ukisikia anataja "dukan", hilo nalo unalijua, ndo hapo mambo yanapoanza. Madereva wengi wanapata kamisheni wakikupeleka kwenye duka la mazulia, vitambaa vya kuchapa au vito, na hawakwambii ni duka, wanakwambia ni kiwanda mkaone watu wanavyofanya kazi dakika tano tu. Mimi safari yangu ya kwanza nilipelekwa, nikapewa chai, nikakalishwa, jamaa akafungua kijikaratasi akaniambia kwa sauti ya chini hili jiwe ni adimu sana dunia nzima linatoka sehemu moja tu, kucheki ni tanzanaiti! Nikamwambia kaka hilo jiwe ni ndugu yangu limetoka Mererani. Akacheka, na bei akashusha, ila saa nzima ya kuona jumba la mfalme ilikuwa imeshaliwa. Usimlaumu sana dereva wa watu anatafuta riziki, lakini mwambie asubuhi kabla hajawasha gari: leo hakuna dukan, na chai yako utaipata jioni kama hatujasimama popote. Ukimwahidi hivyo anatulia.

Kuhusu magoti. Siku ya kwanza mkifika msifanye kitu. Siku ya pili ianze na Amer, iko kilomita 11 hivi nje ya mji, ndo makao ya zamani ya hao wafalme kabla Jaipur haijakuwepo, ujenzi wake ulianzishwa na Man Singh wa Kwanza mwaka 1592 na waliokuja baada yake wakaongeza. Wanafungua saa mbili asubuhi, muwe mlangoni saa hiyo hiyo (dereva mwandikie 8, ukimwandikia saa mbili atakuja mchana kweli). Ngome iko juu ya kilima, chini utaona tembo wanapandisha watalii kupitia Lango la Jua, mimi siwashauri, yule mnyama anapanda na kushuka juani na watu mgongoni na kwa mgonjwa aliyetoka oparesheni ule mtikisiko haufai. Chukueni jipu, zinakodishwa hapo chini, zinapita nyuma na kuwashusha karibu na Lango la Mwezi. Juu kuna viwanja vya wazi, mzee anaweza kwenda kwa hatua zake, na kile chumba cha vioo, Sheesh Mahal, kinaonekana ukiwa umesimama tu nje yake, ukuta na dari vimejaa vipande vya kioo, mshumaa mmoja unakuwa nyota elfu. Mbele yake kuna bustani ya umbo la nyota, na upande wa pili ni baraza la kupumzikia ambalo walikuwa wanapitisha maji kwenye mfereji sakafuni ili upepo uingie umepoa, yaani kiyoyozi cha karne ya 17, mkalishe mzee hapo muda anaotaka. Nyuma kabisa kwenye nyumba za wake wa Man Singh kuna ngazi nyembamba, hizo ruka. Ukiwa ukingoni angalia chini ziwani, utaona bustani imejengwa juu ya maji kama zulia, ile walikuwa wanaiita bustani ya zafarani.

Mkirudi mjini njia ni ile ile, mwambie dereva asimame mara moja kwenye Jal Mahal, jumba lililo katikati ya ziwa, hamtaingia mnaliangalia kutoka barabarani, ziwa likijaa ghorofa nne zinakuwa chini ya maji inabaki ya juu. Kisha hotelini, kula, lala. Jioni gari tena mpaka Nahargarh, ngome ya 1734 iliyo juu ya mji, barabara inazunguka zunguka lakini inafika mpaka juu kabisa, hakuna kupanda kwa miguu. Kuna jumba ndani yake mfalme Madho Singh wa Pili aliwajengea wanawake wake tisa, vyumba seti tisa zinafanana kila kitu, nadhani mfalme alikuwa anaogopa kesi. Jua likizama pale mji wote unauona, na mistari ya barabara imenyooka kama daftari la hesabu.

Hiyo mistari ndo mzee ataipenda, mwalimu wa historia. Jai Singh wa Pili alianzisha Jaipur mwaka 1727 kwa sababu Amer watu walizidi na maji yalipungua, akachorewa ramani kwanza na Vidyadhar Bhattacharya ndo watu wakajenga, mitaa imekatwa mraba, maduka yamepangwa. Rangi ile wanayoita ya pinki, mi naiona zaidi ya udongo wa chungu, ilipakwa 1876 mtoto wa Malkia Victoria alipokuja kutembea.

Siku ya tatu ya ndani ya ukuta gari liacheni. Nakwambia ukweli, pale kwenye masoko ya Johari Bazaar na Tripolia kuna bajaji, pikipiki, mikokoteni, ng'ombe amelala katikati na hana habari, dereva atawashusha mbali au atazunguka nusu saa akitafuta paking, chukueni bajaji ya betri kutoka hotelini mpaka mlango wa City Palace, jumba la kifalme la mjini. Hapo viwanja ni tambarare. Mwonyeshe mzee ile mitungi miwili ya fedha, kila mmoja una zaidi ya kilo 340, Madho Singh aliitengeneza abebee maji ya mto Ganges alipokwenda London mwaka 1902 kwenye kutawazwa kwa Edward wa Saba, hakutaka kunywa maji ya ugenini. (Mama yangu na unga wake wa dona kwenye begi hajafika hata robo.) Sehemu ya jumba, Chandra Mahal, familia ya kifalme bado inaishi, ndo maana City Palace ina tiketi yake peke yake na haimo kwenye ile tiketi ya pamoja ya siku mbili inayofungua Amer, Nahargarh, Hawa Mahal, Jantar Mantar, bustani mbili na jumba la makumbusho la Albert Hall. Ile tiketi ya pamoja inunueni kule kule Amer asubuhi ya siku ya pili.

Jantar Mantar ni mlango wa pili tu, vyombo vya kupimia jua na nyota vilivyojengwa kwa mawe, saa ya jua kubwa ina urefu wa mita 27 na kivuli chake unakiona kinatembea kwa macho, kama milimita moja kwa sekunde. Hakuna kivuli cha kukaa, mwavuli lazima. Hawa Mahal, lile jumba la madirisha 953 la mwaka 1799 ambapo wanawake wa kifalme walikuwa wanachungulia barabara bila kuonekana, watu wanalipiga picha kwa mbele halafu wanatafuta mlango hawauoni, mlango uko nyuma, na kwa sehemu kubwa ndani unapandia njia za mteremko badala ya ngazi kwa hiyo mzee anaweza kujaribu ghorofa moja mbili.

SWALI: Assalaam alaykum. Sie tuko Muscat, mume wangu mpenzi wa bustani, likizo yetu ni mwezi wa tano. Katika hizo bustani za Jaipur ipi hasa ya kwenda kwa gari, na zipi tusipoteze wakati? (Umm Salma)

JIBU: Waalaykum salaam dada. Mwezi wa tano hapana. Joto linapita nyuzi 40 na hakuna bahari, wewe wa Muscat unalijua joto lakini kwanini ulilipie nauli? Sogezeni iwe kati ya Oktoba na Machi.

Ya kwenda kwa gari ni Sisodia Rani ka Bagh, iko nje ya mji njia ya Agra, Jai Singh aliijenga 1728 kwa ajili ya mke wake aliyetoka ukoo wa Udaipur, imepangwa kwa ngazi ngazi zinashuka, kuta zina michoro ya Krishna na Radha, na chemchemi zipo ila siku niliyokwenda mimi zilikuwa kavu kwa hiyo msiende kwa ajili ya maji. Karibu yake kuna ya Vidyadhar, yule mchora ramani, mnaziona zote mbili asubuhi moja. Kanak Vrindavan iko chini ya vilima njia ya Amer, nzuri kwa kupumzika tu. Ram Niwas iko mjini, kama bustani ni ya kawaida, watoto na njiwa, ila ina historia yake, mfalme Ram Singh aliianzisha mwaka 1868 ili watu wapate kibarua wakati wa njaa. Albert Hall iko ndani yake, pitieni usiku taa zikiwashwa, na mchana ndani kuna maiti ya Misri iliyokaushwa, usiniulize imefikaje Rajasthan.

SWALI: Mimi ni dereva wa miaka kumi na tano Mombasa, kule wanaendesha kushoto kama sisi, si niendeshe mwenyewe tu? (Kaka wa Likoni)

JIBU: Utahitaji kibali cha kimataifa cha kuendesha, kwenu AA, chama cha wenye magari, ndo wanatoa, na leseni yako halisi juu yake. Kushoto ni kweli, kwenye karatasi. Kwenye barabara kuu nimekutana na trekta linakuja upande wetu, na nyuma ya malori wameandika kwa rangi "piga honi tafadhali", na wanapiga kweli. Kodi dereva kaka, wewe kaa mbele umuangalie anavyofanya kazi.