Salim mwanangu, Barcelona iache

Mwanangu Salim,

Salamu sana, wewe na Zuhura na hao wajukuu zangu. Barua yako nimeipata, na ramani uliyochora nimeitandaza hapa mezani. Unaniuliza kama wiki mbili za Agosti zitatosha: mpande feri Portsmouth, Uingereza, mshuke Santander, kaskazini mwa Uhispania, mfike Tarifa, kusini kabisa, kwa siku mbili, kisha Granada, Valencia, Barcelona, halafu mkapande feri ya kurudi Bilbao. Yote hayo mkikokota karavani, lile tela la kulala, na watoto wawili nyuma wakiuliza kila saa kama tumefika.

Hazitoshi. Na Agosti siyo.

Mzunguko wako ni karibu kilomita 2,800. Feri yenyewe inameza mchana na usiku kwenda, na vivyo hivyo kurudi. Gari tupu Uhispania linaruhusiwa 120 kwenye barabara kuu, lakini lenye tela halizidi 90, na kwenye njia za kawaida ni 80. Toa milima, toa choo cha watoto, toa foleni ya mafuta: mkienda kilomita 70 kwa saa mmejitahidi. Babako hakupenda kupita kilomita 300 kwa siku, na alitaka tuwe tumeshafika kambini kabla ya saa nane mchana. Nilikuwa nikimcheka, lakini alijua alifanyalo. Wahispania wakienda kula mchana, ofisi za kambi ndogo hufungwa mpaka alasiri, na ninyi mtabaki langoni mkiunguzwa na jua na karavani lenu.

Kwa hivyo chagueni njia moja ya kushuka kusini na mrudi nayo. Madrid isikutie tamaa. Kutoka Santander shika barabara kuu ya A-67. Haina malipo, lakini inaanza kupanda mapema: unatoka usawa wa bahari, na ukifika Reinosa uko mita 850 hivi. Kaa kulia nyuma ya malori, usione haya. Ukimaliza kupanda utapita Aguilar de Campoo, mji wa viwanda vya biskuti. Upepo ukikaa vizuri, harufu inaingia mpaka ndani ya gari. Simameni hapo watoto wanyooshe miguu.

Usiku wa kwanza laleni Tordesillas, kama kilomita 275 kutoka feri. Kambi iko ng'ambo ya mto Duero, mnavuka daraja kwa miguu kuingia mjini. Mji ni mdogo, lakini mtoto wa Mombasa hafai kuupita hivihivi. Ni hapo, mwaka 1494, Uhispania na Ureno zilipotia saini kugawana bahari za dunia, sisi wenyewe tukiwa hatuna habari. Upande wetu ukaangukia Wareno, na mwaka 1498 Vasco da Gama akatokea Mombasa na Malindi. Nyumba za mkataba zipo bado, zimefanywa makumbusho. Wapeleke watoto, kisha uwaeleze Fort Jesus ilitoka wapi.

Siku ya pili pitieni Salamanca, mwingie A-66 kuelekea kusini. Hiyo ndiyo Ruta de la Plata, inafuata njia ya kale ya Warumi, na kutoka Salamanca mpaka Sevilla hulipi senti. Tueni karibu na Plasencia, mkae siku mbili. Hifadhi ya Monfragüe iko jirani: mnasimama kando ya barabara, ng'ambo ya mto kuna mwamba mkubwa, na tai mizoga wanaelea juu yenu, wengine chini ya macho yenu, mpaka unayaona manyoya ya ncha za mbawa yakitikisika. Wachukue darubini, hata ile ya watoto. Mbele yake, Cáceres, kuna kambi ambayo kila kiwanja kina choo na bafu lake. Zuhura atanishukuru kwa hilo. Mérida nayo ina daraja la Warumi la karibu mita 800, mnalivuka kwa miguu. Kutoka hapo mpaka Sevilla ni kilomita 190 hivi.

Sevilla iwe ndio mwisho wenu. Kila ukiongeza mji, unapunguza siku ya kupumzika, na watoto wa miaka mitano na minane hawakumbuki miji, wanakumbuka bwawa la kuogelea. Córdoba mwendeni kwa treni, karavani libaki kambini. Treni ya mwendo kasi ni dakika 45 hivi. Msikiti Mkuu wa zamani wa huko ulianza kujengwa mwaka 785, na msitu ule wa nguzo wenye matao mekundu na meupe hauelezeki kwa barua. Lakini ni kanisa kuu tangu 1236, na Waislamu hawaruhusiwi kuswali ndani. Msitandike mswala, mlinzi atakuja. Granada na Alhambra, ngome ya wafalme wa Kiislamu iliyoko huko, ziwe safari ya ndege siku nyingine. Tiketi zake zina jina na saa ya kuingia kasri za Nasrid, na huisha mapema.

Sasa Agosti. Tarehe 14 Agosti 2021 mkoa wa Córdoba ulipimwa nyuzi 47.6. Karavani ni bati, mwanangu. Hao watoto utawalaza wapi? Nendeni likizo ya Pasaka, mpunguze siku za Monfragüe kama hazitoshi. Ila Wiki Takatifu yenyewe, ile ya kabla ya Pasaka, Sevilla hakuna pa kukanyaga kwa maandamano ya kidini, na kambi hujaa, kwa hiyo wekeni nafasi mapema au mpange muingie baada yake. Na Tordesillas usiku wa Aprili ni baridi ya kweli, bebeni mablanketi. Kama ni lazima Agosti, msishuke kusini kabisa: kaeni pwani ya Cantabria na Asturias, mnashuka feri na baada ya saa moja mmeshapiga kambi.

Mambo ya karatasi: Zuhura bado ana pasipoti ya Tanzania, kwa hiyo anahitaji viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, hata kama anaishi Uingereza kihalali. Aombe ya Uhispania, na maombi yanapokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Asingojee dakika ya mwisho, na usilipie feri isiyorudisha pesa kabla hajaipata. Stika ya UK bandikeni nyuma ya karavani, kwa Uhispania ni lazima hata kama namba ya gari ina herufi hizo.

Najua mkamwana wangu atataka kujaza friza sambusa za nyama na samli. Asibebe. Tangu 2021 nyama na vitu vya maziwa kutoka Uingereza haviingii Ulaya, utavunjika moyo uvione vikitupwa pipani. Unga wa ugali na bizari havina neno. Mtungi wa gesi wa Calor hauna pa kubadilishwa kule, kwa hiyo tafuta ile ya bluu ya Campingaz. Na kituoni, gasolina ni petroli, gasóleo ni dizeli. Soma mara mbili kabla hujaingiza bomba.

Kupakia karavani ndiko kunakonitia wasiwasi kuliko yote. Vitu vizito (hema la mbele, makopo, lile jiko lako la chuma) viweke sakafuni juu ya magurudumu, si nyuma. Ukivijaza nyuma, siku ya kurudi mkiteremka kutoka Reinosa kuelekea baharini karavani litaanza kuyumba kama mkia. Likiyumba, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawasawa, usikanyage breki kwa nguvu. Mwonyeshe na Zuhura, maana najua mtapokezana.

Na msilale kwenye vituo vya kando ya barabara kuu, hata mkichoka vipi. Wezi wanavijua. Mtu akikupungia njiani kwamba tairi lako limepasuka, endelea taratibu mpaka penye watu ndipo usimame.

Umeuliza kama nitakuja. Feri mbili na kulala kitanda cha kukunja, goti langu halikubali. Nitapanda ndege nije Sevilla, nikae hotelini karibu na kambi, na watoto niachieni siku mbili mkatembee.

Pima urefu wa gari na karavani pamoja, na kimo chake ukiweka baiskeli juu, unitumie kabla hujalipia feri. Bei inakwenda kwa vipimo hivyo.

Mamako