Senje, homoni ziko sawa lakini uso unawaka

"Senje, nina miaka 26, kwetu ni Kakamega lakini nafanya kazi Kisumu kwa duka la M-Pesa. Tangu nimalize chuo nina chunusi za taya na kidevu, zile kubwa za ndani zinauma. Hedhi huja ikitaka, saa zingine miezi miwili hakuna, na kuna nywele kadhaa nang'oa kidevuni. Nilipimwa homoni nikaambiwa ziko sawa. Mtu wa kemisti akaniuzia doksisaiklini, ile antibiotiki, halafu binamu yangu akanipa tembe zake za isotretinoini zilizobaki. Nimezimeza siku tisa na midomo inapasuka. Desemba naolewa, na mama mkwe ashasema hataki kungojeshwa mjukuu. Mchumba wangu hajui nameza dawa. Nifanye nini?
Nimechoka na Kioo"

Mwanangu, pole sana. Kabla ya hayo mengine yote, hizo tembe za binamu ziache leo, usiseme ati wacha nimalizie pakiti.

Isotretinoini ni dawa nzuri, mimi siipingi hata kidogo, imetumika Marekani tangu 1982 na imesafisha nyuso za watu walioshindikana kabisa. Lakini mimba ikiingia ukiwa unaimeza inaweza kuharibu moyo wa mtoto, ubongo, uso, masikio, ama mimba itoke. Hata dozi ndogo. Kule Marekani tangu 2006 mwanamke anayeweza kushika mimba hapewi kabla apimwe kwanza, na anaendelea kupimwa kila mwezi. Sasa wewe umepewa kwa mfuko wa karatasi, hakuna aliyekuuliza kama unatumia kinga, hakuna aliyekupima ini wala mafuta ya damu, na dozi, ambayo hupimwa kwa uzito wa mtu, ilikuwa ya kilo za binamu. Tena umeichanganya na doksisaiklini! Hizo mbili hazimezwi pamoja, zinaweza kupandisha presha ndani ya kichwa, kwa hivyo ukiona kichwa kinauma vibaya ama macho yana ukungu usilale nyumbani, enda hospitali saa hio hio.

Halafu pima mimba. Hedhi yako haitabiriki, kwa hivyo kungoja uone kama itakuja haitakusaidia. Nunua kile kipimo cha mkojo, na kama mmekutana bila kinga hivi karibuni rudia baada ya wiki tatu, na katikati mtumie kondomu. Kikisema ndio usijitibu, wala usimsikize mtu wa dukani, fika kwa daktari umwambie ukweli wote wa hizo siku tisa. Kikisema hapana, ungoje mwezi mzima tangu tembe ya mwisho kabla ya kutafuta mtoto, na pia usichangie wagonjwa damu mwezi huo.

Sasa hio karatasi ya maabara. Homoni ya testosteroni si ya wanaume peke yao, sisi pia tunayo, na ndio inaambia tezi za ngozi zitoe mafuta, mafuta yakizidi yanaziba vitundu pamoja na seli zilizokufa, bakteria wanashamiri humo ndani na ngozi inavimba. Wanawake wengi wenye chunusi ukiwapima damu homoni ziko sawa kabisa, shida ni ngozi yao inasikia sana hata kile kiasi cha kawaida, ni kama vile mtu mmoja anaamshwa na mbu na mwingine disko matanga ya jirani haimtoi usingizini. Kwa hivyo kuambiwa ziko sawa haimaanishi unajitungia ugonjwa.

Lakini wewe hedhi inaruka na una nywele kidevuni, hapo mimi sitaki uishie kwa hio karatasi. Kuna ile hali ya ovari watu huita PCOS, na daktari anaweza kuigundua kwa dalili kama hizo zako hata kama namba za damu ni nzuri, bora aondoe kwanza vitu vingine kama shida ya thairoidi, ile tezi ya shingoni. Uliza walipima nini hasa, je walipima testosteroni ile iliyo huru, yaani isiyoshikwa na protini kwa damu, ama ya jumla tu, na siku gani ya mzunguko, maana kawaida hupimwa siku za kwanza kwanza za hedhi na usiwe kwa dawa za kupanga uzazi. Mimi sisemi unayo, nasema iangaliwe. Na kama unayo usilie ati hutazaa, wengi wanazaa, wengine kwa msaada kidogo.

Enda hospitali kubwa ya rufaa, kama pale Jaramogi hapo Kisumu tunapoita Russia, uulizie kliniki ya ngozi na ya akina mama. Pengine watakuambia tembe za kupanga uzazi zenye estrojeni, hizo zinafanya ini litoe protini nyingi inayokamata testosteroni, ile iliyo huru inapungua, na zinataka miezi mitatu hivi ndio uone kitu. Kama una presha, umewahi kuganda damu ama una kipandauso cha kuona mwangaza, sema mapema maana hazitakufaa. Kijiti na sindano ya miezi mitatu ni kinga nzuri lakini kwa wengine huzidisha chunusi, sema hivyo pia.

Na kama daktari ataamua isotretinoini ndio yako, piga hesabu. Ukianza Septemba na uimeze miezi sita, inaisha Februari, Machi ni ya kungoja, mtoto mtamtafuta kuanzia Aprili. Ama uzae kwanza, unyonyeshe umalize, ndio utibu uso. Hio mtaamua wewe na mchumba wako, mama mkwe hana kiti hapo. Mwambie huyu kijana wiki hii, mwonyeshe hata pakiti, umwombe akusindikize kliniki. Najua unaona aibu ya nywele za kidevu kuliko ya dawa zenyewe, lakini huyu mtu utaamka karibu naye kila asubuhi mwanangu, ataziona tu.

Ukishapima niandikie, hata kama ni neno moja. Nangoja.

Senje