Maji yapite kwanza, taili baadaye

Bafu letu liko ghorofani, nyumba ya mawe ya zamani, dari ya boriti. Fundi wa taili anataka kuanza kesho. Tukague nini kwanza? (Mkomani, Lamu)

Mwombeni asubiri siku mbili. Chini ya bafu hilo mna chokaa na boriti, na maji yanayovuja kidogo kidogo hayaonekani mpaka boriti imeshaoza. Hapo taili zote zitavunjwa.

Anzeni na mteremko. Bomba la inchi 2 la maji ya kuogea lishuke sentimita 2.5 kwa kila mita. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba, kama mita 2.5 hivi, kwa sababu boriti ndiyo iliyoamua upana. Basi bomba linalokatiza chumba linataka kushuka sentimita 6 hivi. Nafasi ikikosekana, msikubali kabisa boriti ichongwe. Sogezeni mdomo wa maji, yaani tundu la sakafuni la kutolea maji, karibu na ukuta wa nje, au inueni sakafu ya bafu kwa kidato kimoja. Bomba la choo ni la inchi 4, na lenyewe linatosheka na sentimita 1.5 hadi 2.5 kwa mita. Pimamaji ikae juu ya bomba lenyewe, si juu ya sakafu. Na kabla ya kutoboa ukuta wa nje, ulizeni ofisi ya Makumbusho, maana Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001.

Kisha mjaribu kwa maji. Gundi ya viungo vya bomba ikishakaa saa 24, zibeni bomba linapotokea ukutani kwa kizibo cha mpira. Jazeni hadi mdomo wa sakafuni, ngojeni dakika 10 hewa itoke, ongezeni maji, pigeni alama ya penseli, halafu muache nusu saa. Yakishuka hata milimita chache, gusisheni tishu kavu kwenye kila kiungo; itakapolowa ndipo penye kosa. Mara nyingi bomba halikusukumwa mpaka mwisho wa soketi, yaani kiungo kinachopokea bomba, au lilipakwa gundi likiwa na vumbi la chokaa. Kupaka gundi tena kwa nje hakusaidii kitu. Kikatwe kiungo, kiwekwe kipya.

Mwisho fungueni kizibo, mwageni ndoo mbili za lita 20 kwa mpigo, na mtu asimame kwenye manholi, shimo la nje la kukagulia maji machafu, atazame. Maji yaje kwa nguvu, kisha yakatike. Yakiendelea kuchirizika muda mrefu, kuna mahali bomba limelala au limebonyea. Yakiwa sawa, pigeni picha mabomba yote, futi ikiwa imelazwa kando yake, kabla sakafu haijafungwa.

Choo kikivutwa maji, sinki linaguguma, na baadaye bafu zima linanuka. (Malindi)

Bomba lako halipati hewa. Maji ya choo yakishuka huvuta hewa nyuma yake; yakikosa hewa ya kutoka juu ya paa, huifyonza kupitia trapu ya sinki, ile kona iliyopinda chini yake, na kuondoka na maji ya sentimita 5 au zaidi yanayozuia harufu. Weka bomba la hewa la inchi 2, lianzie kwenye bomba la choo, lipande juu ya paa, mdomo wake upite madirisha yote na ufungwe wavu wa mbu. Dawa za kunukia ni pesa za bure.

Nyumba yetu ya wageni hufungwa miezi ya masika. Tukifungua, harufu. (Shela)

Trapu zimekauka. Mimineni lita 2 kwenye kila mdomo wa maji. Siku ya kufunga, ongezeni kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake. Huelea na kuchelewesha maji kukauka. Harufu ikirudi baada ya siku mbili, huenda trapu ina ufa.

Fundi anasema birika la zamani, lile tangi la maji lililojengwa bafuni, livunjwe ili tupate nafasi. (Langoni)

Tunakusihi usilivunje kabla ya kulipima. Lijaze, funika kwa ubao ili jua na upepo visipunguze maji, weka alama ya mkaa, rudi baada ya saa 24. Likivuja, ufa uzibwe kwa chokaa. Saruji ni ngumu mno kwa ukuta ule, hubanduka na kuondoka na plasta. Mdomo wake wa kutolea maji uwe na bomba lake la inchi 2, usiunganishwe na la sinki: birika likifunguliwa, maji mengi hushuka kwa pamoja na yatapanda juu kwenye sinki.

Baada ya kuoga maji hubaki pembeni. Taili zimeshawekwa. (Malindi)

Hapo mteremko wa sakafu ulikosewa, na silikoni haiwezi kuusahihisha. Taili za upande ule zing'olewe, sakafu ishushwe sentimita 1.5 kwa mita kuelekea mdomo wa maji. Kabla ya kubandika upya, weka gololi kwenye kila pembe: lazima ibingirike yenyewe mpaka kwenye chujio.