Wasomaji Wanauliza: Nina laki tatu, nichukue lenzi ipi?

*Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Mbagala Rangi Tatu. Nina Canon iliyotumika, ilikuja na lenzi yake ile ya 18-55. Napiga kwa kupenda tu, sijawahi kumtoza mtu hata shilingi. Mchana picha zinatoka vizuri. Shida ni jioni: mazoezi ya kwaya, watoto wa dada yangu wakila sebuleni, wachoma mishikaki pale stendi. Picha inakuwa giza, au mikono ya watu inatoka kama moshi. Nimejibana nimepata laki tatu. Kariakoo kuna mtu ana 75-300 iliyotoka Dubai, na boksi lake, anataka hela yote hiyo. Kijana mwingine anauza 50mm ya f/1.8 kwa laki mbili na ishirini. Roho inataka ile ndefu. Nifanyeje?*

Mwalimu, Mbagala

Marahaba mwanangu. Chukua hamsini, ile 50mm. Nimetanguliza jibu ili barua hii isikukute umeshalipa, sasa tukae tuongee.

Umenitajia kwaya, sebule na mishikaki. Vyote vitatu viko karibu nawe, na vyote viko gizani. Hiyo 75-300 inavuta vitu vya mbali, lakini ukiivuta mpaka mwisho tundu lake la kuingizia mwanga, likiwa wazi kabisa, ni f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), sawa na lenzi uliyonayo ikivutwa mpaka mwisho. Tena haina kitulizo cha mtikisiko wa mkono. Kwa milimita 300 kwenye kamera ya aina yako unahitaji kamera ifunguke kwa kama 1/500 ya sekunde tu ili mtikisiko wa mkono usionekane kwenye picha, na kwenye taa ya mchoma mishikaki hiyo 1/500 huipati. Utakuwa umenunua giza lile lile, ila refu zaidi.

Hamsini yenye f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya f/5.6. Pale ulipokuwa unapiga kwa 1/15 ya sekunde na mikono inakuwa moshi, sasa unapiga kwa 1/125 na akiba kidogo inabaki. Hapo mpiga kinanda wa kwaya anaonekana ana vidole.

Ila kabla hujalipa, fanya jaribio moja la bure. Zungusha 18-55 yako mpaka karibu na 50, bandika selotepu pete isizunguke, kaa nayo hivyo wiki nzima. Kwenye kamera yako hamsini inaona kama 80 ya kamera za fremu kamili, maana kihisio cha ndani kinachopokea mwanga ni kidogo kuliko cha kamera hizo. Kwa uso wa mtu ni raha tupu. Kwa sebule zetu, mgongo utagusa ukuta na mtoto wa pili bado hajaingia kwenye picha. Ikiwa wiki nzima umekuwa ukirudi nyuma na kukwama, basi yako ni lenzi ya Canon EF-S 24mm ya f/2.8, ile nyembamba kama kitumbua. Mwanga wake ni mdogo kuliko wa hamsini, ila bado unakaribia mara mbili ya ule unaoupata sasa ukiwa kwenye 24.

Sasa tochi ya kukagulia lenzi. Hapa naomba usome taratibu, maana mimi niliwahi kulia.

Mwaka 2017, mwezi wa nne, mvua za masika zimekolea, nilinunua 85mm kwa mtu tuliyekutana naye Posta. Ilikuwa jioni, tumekaa ndani ya gari lake, mvua inapiga bati la gari. Nje lenzi ilikuwa safi, haina mkwaruzo. Nilipiga picha mbili nikaridhika, nikampa hela niliyoiweka miezi saba. Nyumbani, umeme ulipokatika, nikawasha tochi ya simu nikamulika ndani ya kioo. Kulikuwa na nyuzi nyeupe, laini kuliko nywele za mtoto mchanga, zimeanzia pembeni zinatambaa kwenda katikati, zimegawanyika kama mizizi. Kuvu. Fundi aliifungua akaifuta, nyuzi zikatoka, lakini kila ulipopita uzi pamebaki mchoro, kwa sababu kuvu ilikuwa imeshakula ule utando wa rangi unaopakwa juu ya kioo kuzuia mwanga usirudi. Mpaka leo nikipiga taa za pantoni usiku kutoka upande wa Magogoni, kila taa inavaa ukungu. Yule mtu simu yake haikupatikana tena.

Kwa hiyo kutana na kijana wako mchana, mahali pa wazi. Vua vifuniko viwili, cha mbele na cha nyuma. Washa tochi ya simu, iweke nyuma ya lenzi ikiwa imelala pembeni kidogo, siyo kukumulika jicho moja kwa moja, kisha chungulia kwa mbele huku unaigeuza polepole. Lenzi ya Canon ikiwa nje ya kamera tundu lake linakaa wazi, utaona mpaka ndani. Vumbi utaliona, nalo lisikutishe. Hakuna lenzi ya mtumba isiyo na chembe, na kwenye picha hazionekani. Unachotafuta ni nyuzi, au utando kama pumzi ya mtu kwenye kioo ambayo haikauki. Ukiona hivyo, mrudishie, mshukuru, ondoka. Usikubali kupunguziwa elfu hamsini. Kuvu ni kitu hai, na ukiiweka kabatini na lenzi zako nyingine kwenye unyevu ule ule unazitafutia nazo maradhi.

Kisha tazama parafujo za nyuma. Vichwa vikiwa vimeliwa, kuna mtu ameshaifungua. Tazama vile vidoti vya dhahabu vinavyogusana na kamera, visiwe na kutu. Tazama pete ya mbele isiwe imebonyea, kwa sababu lenzi iliyoanguka inaweza kuwa imepinda ndani: upande mmoja wa picha mkali, mwingine umelegea. Dawa yake ni ukuta wa matofali. Simama mbele yake ukiwa sambamba, fungua mpaka f/1.8, piga, kisha kuza picha kwenye kioo cha kamera ulinganishe kona ya kushoto na ya kulia. Kona zote kulegea kidogo kwa usawa ni kawaida ya lenzi hii. Kulegea upande mmoja siyo kawaida.

Muulize pia ni hamsini ipi. Ile ya 2015 imeandikwa STM, jina la mota yake ya fokasi, na sehemu yake ya nyuma ni chuma. Iliyotangulia, ya mwaka 1990, nyuma ni plastiki, inalia kama nyuki ikitafuta fokasi, na haistahili bei ya STM. Ukiona imeandikwa Yongnuo, hiyo ni ya kampuni ya China yenye umbo linalofanana. Inapiga picha, lakini bei yake iwe chini kabisa. STM ukiizungusha pete yake ikiwa nje ya kamera haitasogeza chochote. Haijafa, inasubiri umeme wa kamera. Ifunge, iwashe, ikimbize kutoka uso wa kijana mwenyewe mpaka nguzo ya mbali, mara kumi au zaidi. Ile sehemu ya mbele inayotoka na kurudi ndiyo hupata pigo lenzi ikigongwa, kwa hiyo ikikwamakwama ogopa.

Elfu themanini itakayobaki usiimalize. Nunua kopo la plastiki lenye mfuniko wa mpira usiopitisha hewa, vipakiti vya silika jeli vya kunyonya unyevu, na kile kipimo kidogo cha unyevu. Asubuhi za masika hapa Dar unyevu wa hewa hupita asilimia 80 bila shida; ndani ya kopo unataka asilimia 40 mpaka 50. Usiweke mchele, una vumbi. Usihifadhi lenzi kwenye mkoba wake wa ngozi, kuvu inaipenda ngozi kuliko kioo. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa kabla ya kuitoa, isije ikatoka jasho.

Ile roho ya kutaka ndefu naielewa, wala si kosa. Siku ukitaka mechi za wanafunzi wako mchana, weka tena akiba utafute EF-S 55-250 iliyoandikwa IS STM. Ina kitulizo, ndiyo hiyo IS, na kwa macho yangu iko mbali sana mbele ya 75-300.

*Habari za kazi dada. Nina Nikon D3200. Shemeji aliyeko Uingereza ameniletea 50mm f/1.8D, nzuri, haina mkwaruzo. Ila haishiki fokasi yenyewe. Nimeibiwa?*

Msomaji, Kinondoni

Salama kaka. Hapana, na shemeji hana kosa. Lenzi yako, kama nyingi za Nikon zenye herufi D, haina mota ndani, inategemea mota iliyo kwenye kamera. Familia ya D3000 na ya D5000 hazina mota hiyo. D90 na D7000 wanayo. Unaweza kuitumia kwa kuzungusha pete kwa mkono, ukiangalia kale kadoti ka kijani kanakoonekana chini ndani ya dirisha la kuchungulia kakae bila kupepesa. Mimi ningeiuza nitafute iliyoandikwa AF-S, yaani yenye mota yake ndani: 35mm f/1.8G ya DX, iliyotengenezwa kwa kamera zenye kihisio kidogo kama yako, ambayo kwenye kamera yako inaona karibu kama jicho la mtu anavyotazama. Ukienda kukagua kwa tochi, kumbuka Nikon ikiwa nje ya kamera tundu hujifunga. Nyuma kuna kijiti kidogo, kisogeze kwa ukucha ndipo uone ndani.

*Shikamoo. Baba alisoma Urusi enzi za Sovieti, akarudi na kamera ya Zenit. Juzi nimeikuta kabatini, kamera imeganda lakini lenzi inazunguka. Imeandikwa Helios 44-2. Mimi nina Canon 700D. Kuna namna?*

Msomaji, Temeke

Marahaba. Ipo, na umepata kitu ambacho watu wanakitafuta. Helios 44-2 ni milimita 58, f/2, na inafungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, kwa uzi uitwao M42. Tafuta pete ya kuunganishia ya M42 kwenda Canon EF, ya chuma tupu isiyo na kioo ndani. Canon inaikubali vizuri na utapata fokasi mpaka upeo wa macho. Wenye Nikon hawana bahati hiyo, nafasi kati ya lenzi na kihisio kwao ni kubwa mno.

Kila kitu utafanya kwa mkono, fokasi na tundu. Lenzi ina pete mbili za tundu: moja unachagua namba, nyingine unafungua ili uone vizuri kisha unaifunga kabla ya kupiga. Weka kamera kwenye M, yaani kila kitu unapanga mwenyewe. Kwa f/2, mtu akisimama mbele ya mti wenye majani yanayopenya jua, yale majani huzunguka nyuma yake kama maji yanayoingia kwenye shimo. Lenzi chache za kisasa zinafanya vile.

Kwanza tochi, tafadhali. Imekaa kabatini Temeke miaka mingapi? Ukikuta kuvu, usiifungue kwa bisibisi ya nyumbani, mpelekee fundi kamera. Ukikuta safi, mkalishe mzee chini ya mwembe saa kumi na moja jioni, umpige yeye kwanza, kisha mnitumie hiyo picha.