Profaili ya Mtoto Peke Yake Haimlindi Mtoto

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Morogoro aliniandikia saa tano usiku: "Dada, nimemfungulia mwanangu sehemu ya watoto kwenye televisheni, lakini kila nikirudi kazini namkuta anaangalia ya wakubwa. Nimemchapa, hasikii. Nifanye nini?" Niliusoma ujumbe mara mbili nikaweka simu chini. Sikuweza kumjibu usiku ule. Yaliyomkuta yalinikuta mimi mwaka jana, ila yeye amegundua mapema. Mimi nilichelewa, na aliyelipa gharama ya kuchelewa kwangu ni mtoto.

Televisheni yetu ya kwanza yenye intaneti tuliinunua Kariakoo baada ya baba watoto kulipwa malimbikizo yake. Inchi 43. Usiku huohuo tukajiunga na huduma ya filamu ya kulipia kila mwezi, na mimi ndiye niliyeshika rimoti. Nikafungua profaili ya baba watoto, yaani sehemu yake yenye jina na picha yake, nikafungua yangu, nikafungua ya shemeji yangu aliyekuwa akiishi kwetu huku anasoma chuo, kisha nikafungua ya watoto, ile yenye rangi na katuni. Nilijiona mama anayekwenda na wakati. Jumamosi yake nikawaeleza wenzangu kwenye kikoba, na wawili wakanipa simu zao niwawekee na wao. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Binti yangu wakati huo alikuwa na miaka 7. Baada ya miezi michache akaanza kukataa kulala peke yake. Halafu akaanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka 3. Chooni haendi mpaka asindikizwe, na anayemsindikiza asimame mlangoni aendelee kuongea ili amsikie. Tukampima malaria, tukampima mkojo. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Tanga, akasema mtoto aombewe dua. Tukaomba. Hali ikabaki vilevile.

Hapo nikaanza kumtilia shaka dada wa kazi, na hili nalisema kwa aibu. Nilimweka jikoni saa nzima nikimhoji kama kuna mwanamume anayeingia mle ndani mchana. Alilia mpaka akashindwa kuongea. Ni binti wa Singida, alikuwa amekaa na sisi miaka 4, na ndiye aliyemfundisha mwanangu kufunga kamba za viatu. Nilishaanza kupiga hesabu ya nauli ya kumrudisha kwao.

Kilichomwokoa ni simu ya mwalimu wa darasa. Aliniambia kwamba wakati wa uji mwanangu huwasimulia wenzake habari za mtu anayejificha chini ya kitanda na kuwakata watu miguu wakishuka usiku, na kwamba wenzake sasa wanaogopa.

Jioni ile nilikaa mbele ya televisheni nikafungua historia ya kutazama, kitu ambacho sikuwahi kukigusa. Ya watoto: katuni tupu, safi kabisa. Ya baba watoto: hakuna cha ajabu. Nikafika kwenye ya shemeji. Shemeji alikuwa Mtwara kwa mafunzo kwa vitendo, wiki ya tano ile, lakini tarehe zilionyesha jana, juzi, majuzi, kila siku sehemu mbili au tatu za tamthilia ya mauaji. Mwanangu alikuwa akibonyeza picha ya baba yake mdogo, basi. Hakuvunja chochote wala hakudanganya mtu. Nilipomuuliza kwa upole kwa nini, akanijibu, "Kwa bamdogo hakuna katuni za kitoto." Na dada alikuwa uani anafua, akisikia televisheni inaongea anajua mtoto yuko kwenye katuni, kwa sababu mimi mwenyewe nilimhakikishia kwamba nimeshaweka za watoto.

Mama mkwe alisema mbele ya mume wangu, "Mtoto mmemwachia luninga imlee." Neno lile halijanitoka. Mimi natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenda kutafuta ada ya watoto haohao, na siku ile sikuwa na la kumjibu.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu ndipo tunapokosea wengi. Profaili ya watoto inachuja kilichomo ndani yake tu. Haimzuii mtoto kutoka humo. Huduma ikifunguka inauliza nani anatazama, na picha zote zimepangwa mstari mmoja, yake na zenu. Kinachomlinda mtoto ni kufuli kwenye profaili za wakubwa.

Kwa wanaotumia Netflix, usihangaike na rimoti. Chukua simu au kompyuta, ingia kwenye tovuti yao kwa kivinjari, nenda sehemu ya akaunti, fungua profaili moja baada ya nyingine, na kila ya mtu mzima uiwekee namba ya siri ya tarakimu 4. Itakuuliza kwanza nenosiri la akaunti. Funga yako, ya mumeo, ya shemeji asiyekuwepo, ya mgeni aliyekuja Pasaka akaondoka. Ukiacha moja wazi, ni kama hujafunga hata moja. Hapohapo utakuta sehemu ya kudai namba ya siri kabla ya kuongeza profaili mpya. Iwashe. Kijana wangu mkubwa, wa miaka 11, alipokuta milango imefungwa, siku ya pili tu alijaribu kujitengenezea wa kwake.

Kisha rudi kwenye profaili ya mtoto upange umri. Binti yangu nimemwekea 7+. Kaka yake analilia 13+ kila wikiendi, na nimekataa. Kipindi ambacho hukitaki unaweza kukiandika kwa jina na hakitaonekana tena kwenye profaili hiyo, hata kama umri wake unaruhusu. Zima pia ule mtindo wa sehemu inayofuata kujianza yenyewe. Bila hivyo mtoto hainuki. Kufuli la profaili na kuzuia kipindi kwa jina vimekuwepo tangu 2020, kabla hata sijanunua televisheni. Kwa hiyo sikuwa na kisingizio, na wewe pia huna.

Namba yenyewe isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote wa nyumbani. Ya kwanza niliweka mwaka wa baba watoto; kijana wangu aliipata ndani ya siku 4. Isiwe ile ya miamala ya simu pia, maana utaibonyeza watoto wakikutazama vidole, na watoto wana macho.

Nilipomaliza nilidhani nimemaliza. Wiki iliyofuata nikawakuta YouTube, kwenye televisheni ileile, kwa akaunti ya baba yao. Nikaanza upya. Usidanganyike na picha ya katuni unayoijua: mwaka 2017 kelele zilipigwa duniani kote kuhusu video zilizotumia sura za katuni maarufu huku ndani mna vitisho na damu. Kwenye YouTube Kids, programu ya YouTube ya watoto, unachagua kundi la umri: miaka 4 na chini, 5 hadi 8, au 9 hadi 12. Mimi nimechagua njia ya nne, ya mzazi kuidhinisha mwenyewe. Mtoto anaona nilichokubali tu, na hawezi kutafuta kingine. Nilianza na vipindi vya Ubongo, vinavyotengenezwa hapahapa Dar es Salaam, kwa Kiswahili, na kuna hesabu ndani yake. Kazi ya kuchagua ilinichukua Jumapili mbili mchana. Kuna kipima muda pia, dakika zikiisha programu inajifunga na hakuna wa kulaumiwa kwa kuzima.

Ile hali ya vizuizi kwenye YouTube ya kawaida nayo iwashe, lakini fahamu kwamba inashika kwenye kifaa kimoja tu. Ukiiwasha kwenye simu, televisheni haijui. Kishikwambi nacho hakijui. King'amuzi kina namba yake ya siri. Ibadilishe ile ya kiwandani.

Mzazi mwenzangu, najua unachotaka ndicho ninachotaka. Unataka mtoto afike chuo kikuu, ajue kompyuta, azungumze bila woga mbele za watu. Ndiyo maana tumeleta intaneti ndani. Basi tusiilete halafu tukamkabidhi rimoti mtoto wa miaka 7 na lawama tukamkabidhi dada wa kazi. Yule dada hana nenosiri, hakuulizwa, hakuelekezwa. Nilimwomba radhi mbele ya watoto wangu wote wawili, mezani, na nilitaka wasikie. Sasa orodha ya vipindi vilivyoidhinishwa tunaipitia pamoja kila mwezi, naye ndiye anayeniambia kipi watoto wanaigiza wakicheza uani. Historia ya kutazama naifungua kila Ijumaa usiku, profaili zote, na yangu ikiwemo.

Na wewe mama wa Morogoro, usimchape tena. Amebonyeza picha uliyomwachia wazi. Leo wakishalala, kabla hujaweka kufuli lolote, fungua kwanza historia ya kila profaili, uangalie tarehe ambazo mwenye profaili hakuwepo nyumbani. Utajua mwanao ameona nini, na utajua cha kuongea naye. Mimi nilipojua ni yule mtu wa chini ya kitanda, tulilala naye sakafuni siku tatu, tukimulika tochi chini ya kitanda pamoja mpaka akachoka kutazama.

Sasa analala taa imezimwa. Chooni usiku bado anataka nisimame mlangoni, nami nasimama, naongea.