Katuni isiyo na mwisho: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ni simu inayomfanya mjukuu wangu ajitupe sakafuni na kukuuma mkono ukimnyang'anya. Swali lako nimekaa nalo siku mbili.

Nawe nilikulea na televisheni hapa mtaani Umoja, Nairobi. Nilikuwashia jioni nipate kupika. Ikizimwa ulinuna kidogo tu. Katuni ilikuwa na mwisho wake: ikiisha, inaingia taarifa ya habari, nawe unashuka ngazi kutafuta wenzako. Usiku watangazaji wa kituo cha KBC walipiga wimbo wa taifa wakafunga. Simu haifungi. Kipande kikiisha kingine kinaanza chenyewe, na mtoto wa miaka mitatu hajui pa kukatizia. Ukimpokonya katikati, hata mimi ningekuuma.

Basi mpe mwisho. Zima hiyo sehemu inayojichezea video mfululizo. Keti naye, mwambie "hiki ndicho cha mwisho," kiishe, azime kwa kidole chake, akute beseni la maji au sufuria na mwiko vinamngoja. Wiki ya kwanza atalia, usirudi nyuma. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na pungufu ni bora. Najua, kwenye msongamano wa Barabara ya Jogoo saa hiyo inaisha kabla hamjafika Donholm. Mwimbie.

Angekuwa hageuki akiitwa, ningekwambia mpeleke kliniki. Huyu anaongea kama kasuku.

Yaya usimtupie lawama. Ana nguo, vyombo na mtoto, ghorofa ya nne. Jumapili iliyopita yaya hakuwepo. Tulikuwa watu wazima wanne mezani na simu nne. Mtoto alikuita "Mama" mara tano, ya sita akatupa kijiko. Hapo ndipo ulipoinua kichwa, ukampa simu anyamaze. Niliona, nikanyamaza, maana simu yangu nayo ilikuwa mkononi.

Mkija Jumapili hii mtakuta kikapu mlangoni. Simu zote humo, ya baba yako kwanza, kwa sababu ndiye atakayebisha. Na mletee mtoto viatu vya kuchezea, watoto wa jirani huwa pale chini kuanzia saa nane.

Mama yako